Kipande Namba Thelathini na Moja

Bweni la Wanafunzi Watafiti,
Ghorofa ya tatu, chumba namba 14.
Jumanne, tarehe 19 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na za hapo nyumbani kwenu? Baba Mdogo anaendeleaje na goti lake? Bado anakataa fimbo kwa kuogopa kuitwa mzee? Mapacha je, wameacha kugombana, au bado unawatenganisha kwa mwiko? Nimewakumbuka wote, hata kelele zao.

Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Kikohozi nilichokulalamikia kwenye simu kimekwisha. Nakula vizuri na nalala, ila kinywaji chochote cha baridi kimenishinda. Hata maji nayanywa yakiwa ya moto. Sababu utaikuta hapa chini, na nakuomba uisome ukiwa umeshamaliza kula.

Najua umenuna kwa ukimya wangu, na una haki. Najua pia kwamba Mama ameshashona gauni la mahafali na kaka ameshaomba likizo. Kwa hiyo nisikuzungushe. Mwezi wa kumi na mbili sihitimu. Huenda nisihitimu kabisa. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu Mama akilipata hili ghafla presha itampanda, na kwa sababu wewe umekaa maabara ya hospitali miaka ishirini na sita. Utaelewa upesi kuliko wote kwamba sijarogwa wala sijafeli.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Mwaka juzi tulipanda mlima na kutoboa barafu yake kuanzia juu hadi kwenye mwamba. Tulichotoa tulikikata vipande vya nusu mita, kila kimoja kikaingia mfuko wake wenye namba. Vilikuwa hamsini na vinane. Barafu ile imejaa tabaka kwa tabaka, kila tabaka ni mvua na vumbi la zamani, na mimi nazisoma tabaka hizo nijue miaka ipi ilikuwa ya neema na ipi ya ukame. Kiongozi aliyetupandisha alinipigia simu mwaka huu akaniambia pale tulipotoboa pameyeyuka, sasa ni mawe matupu. Kilichobaki cha barafu ile kiko kwenye chumba cha baridi cha idara yetu, na kwingine hakuna.

Idara yenyewe ni ukumbi mmoja mrefu, na mkubwa wake ni msimamizi wangu. Tunamwita Mzee Sifuri, kwa kuwa kila kitu kwake kiko chini ya sifuri, kuanzia chumba cha baridi hadi alama anazotoa. Kila Alhamisi saa nane anaendesha semina. Mwanafunzi mmoja anasimama na grafu zake, waliobaki wanamchambua mpaka anatafuta mlango. Jumanne tunakutana wenyewe, kikundi cha kusoma, kwenye chumba kidogo kando ya ngazi kinachonuka soksi mbichi, kwa sababu ndipo tunapoanika viatu vyetu vya baridi. Hapo tunasaidiana kujiandaa ili Alhamisi isituue. Nilikipenda kile kikundi, Mama Mdogo. Sasa nikipita ule mlango naona kinyaa, na si kwa sababu ya soksi.

Semina ina desturi yake. Ukikata barafu kwa msumeno unabaki na vipande vya pembeni visivyopimwa, tunaviita makombo, na vinatupwa kwenye ndoo moja ya bluu. Semina ikiisha, makombo yanavunjwa kwa nyundo, yanatiwa kwenye glasi za juisi, na watu wote wananyamaza. Barafu ya zamani ina hewa iliyofungwa ndani, ikiyeyuka inalia tsi, tsi, tsi. Mzee Sifuri hufumba macho na kutuambia tunasikiliza pumzi ya dunia kabla ya babu wa babu zetu. Kisha tunakunywa.

Nakuona ulivyokunja uso. Ndiyo, tulikuwa tunakunywa. Barafu iliyoguswa na glovu zilezile zinazoshika mafuta ya msumeno, iliyokaa mlimani na vinyesi vya ndege na miguu ya wadudu, kwenye glasi zinazosuuzwa tu kwa maji ya bomba tangu nifike hapa. Hebu fikiria wewe na wenzako mngemaliza kupima, halafu mnagongeana chupa za sampuli zilizobaki. Nami sikuona ubaya. Mwaka wa kwanza nilimpigia Mama simu kumringia kwamba nimekunywa maji ya kale.

Ili makombo yasichanganyike na barafu ya kupimwa, kikundi chetu kilitunga sheria na kuibandika kwenye mlango wa chumba cha baridi: barafu isiyo na mfuko ni makombo. Ni maneno sita tu, na mwandiko ni wangu. Niliona nimefanya jambo la maana sana siku ile, nikachora na mstari chini yake kwa rula.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi uliopita tulikuwa na mgeni, mtahini kutoka chuo cha mbali, ambaye ndiye atakayesoma tasnifu yangu. Asubuhi nilikuwa kwenye chumba cha baridi na kipande namba thelathini na moja. Nilikuwa nimeshapima vyote vilivyo juu yake na vyote vilivyo chini yake, hicho nimekiweka mwisho kwa makusudi, maana ndicho chenye jibu. Katikati yake kulikuwa na mkanda mweusi wa vumbi wenye upana wa vidole viwili. Ukiwa ni vumbi la ukame mrefu, maana yake mlima ule uliwahi kukaa miaka mingi bila barafu mpya. Nilikitoa kwenye mfuko, nikakilaza mezani, nikakipiga picha moja. Dakika zangu ishirini zikawa zimekwisha. Hatukubaliwi kukaa mle zaidi ya hapo, vidole vinakufa ganzi. Nikatoka nipashe mikono moto, na Mzee Sifuri akanidaka mlangoni nikamsaidie kupanga viti vya mgeni.

Nilipanga viti. Kuna kimoja kina mguu mbovu, nikakificha nyuma.

Wakati huo, rafiki yangu Mapovu ametumwa makombo. Huyu ndiye anayepima hewa iliyomo kwenye barafu, na jina alilipata huko, ingawa mdomo wake nao umechangia. Mzee Sifuri alimwambia leo asilete takataka za ndoo, alete kipande kizuri, kinacholia, kuna mgeni. Mapovu akaingia, akakiona changu mezani kinang'aa, hakina mfuko, akakumbuka sheria. Akakifunga kwenye taulo na kukipiga nyundo.

Tulikunywa watu tisa. Mgeni alisema ina ladha ya udongo, Mzee Sifuri akacheka akasema hayo ndiyo madini. Mimi nilihisi chenga kwenye meno. Niliitema kwenye karatasi laini, nikaitupa ndoo ya taka, nikaendelea kutabasamu. Mtaalamu wa vumbi la barafu, Mama Mdogo, vumbi limo mdomoni mwangu na sikulijua.

Saa kumi na nusu nilirudi kuendelea na kazi. Meza ilikuwa tupu. Mfuko wenye namba thelathini na moja ulikuwa palepale nilipouacha, mtupu, na kando yake chembe za barafu kama chumvi. Nilitafuta kwenye maboksi yote, kisha nikatoka nikamuuliza Mapovu. Nilimwona anavyobadilika rangi. Alitazama ule mfuko mkononi mwangu, akaniambia, "Lakini hakikuwa na mfuko."

Nilikwenda chooni nikatapika, na hata hapo nilikuwa nawaza kama inafaa nitapike kwenye chombo. Kesho yake asubuhi na mapema nilipekua ndoo za taka za ukumbi nikitafuta ile karatasi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye maganda na karatasi za pua za watu, natafuta mate yangu mwenyewe nikayapime. Dada wa usafi alinikuta hapo. Aliniambia kwa huruma kwamba taka za jana zimeshakwenda. Nadhani alidhani nina njaa.

Nikamwendea Mzee Sifuri. Nilitegemea atapigwa na butwaa. Alinisikiliza huku anachana barua kwa kisu chake kidogo, halafu akasema kipande kimoja kati ya hamsini na vinane si msiba.

"Una cha thelathini na una cha thelathini na mbili," alisema. "Unganisha mstari. Nani atajua?"

Nikamwambia kuna mkanda mweusi, ninayo picha. Akasema picha haipimi kitu. Hilo ni kweli. Ila kuna kitu hakukisema, nami nakijua: kitabu chake kilichoko kiwandani kinachapwa kinasema barafu ya mlima ule haikuwahi kukatika tangu ilipoanza. Mstari ukiunganishwa unakaa vizuri kabisa na kitabu chake. Nikamuuliza na mtahini je. Hapo ndipo alipocheka.

"Unataka kumwambia mtahini kwamba amekunywa data zako?"

"Ameshazinywa, Profesa. Kilichobaki ni kumwambia."

Hakucheka tena. Aliniambia tasnifu yenye pengo haitii saini yeye, na nafasi ya kazi niliyoahidiwa hapa haimngojei mtu mwenye pengo. Ufadhili wangu unakwisha mwezi ujao, na kwenye idara hii hakuna msimamizi mwingine wa barafu. Alinifungulia mlango kwa adabu zote.

Jumanne nikapeleka jambo langu kwenye kikundi. Hawa ndio watu nilioshika nao msumeno mpaka tukachubuka, nikajua hawa watasimama nami. Kumbe walikuwa wameshakula njama kabla sijafika. Mmoja alikuwa amenichorea ule mstari kwenye kompyuta yake, umejipinda kidogo ili upendeze. Mwingine alinifundisha la kujibu nikiulizwa: niseme kipimo kilifanyika mapema na takwimu ziko kwa msimamizi. Walikuwa wananiandaa kusema uongo kwa utaratibu uleule tunaoandaliana semina, wanauliza maswali ya kunitega na kunipigia makofi nikijibu vizuri. Na walinipenda, hilo ndilo linalonichefua. Walikuwa wanakula njugu na kunisaidia.

Sikulala vizuri wiki ile. Nisikudanganye, niliujaribu ule mstari. Niliuweka kwenye grafu nikauangalia. Ulikuwa mzuri. Niliona gauni la Mama, nikamwona kaka na kamera yake, nikakuona na wewe unavyolia kwenye mambo ya furaha. Niliuacha pale siku nzima. Kisha nikafungua ile picha ya mkanda mweusi, nikaufuta.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yangu. Kila anayewasilisha huanza na jedwali la vipande vilivyoharibika: namba, urefu, sababu. Sababu huwa zilezile, kilivunjika, kiliyeyuka njiani. Mimi niliandika: thelathini na moja, sentimita hamsini, kilinywewa na washiriki wa semina.

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Mzee Sifuri alivua miwani akaipangusa. Kisha akawageukia wenzangu kwa upole kabisa.

"Haya. Nani hapa alikunywa kipande namba thelathini na moja? Anyooshe mkono tumwone."

Mapovu alikuwa anachora viboksi kwenye daftari lake. Aliyenichorea mstari alikuwa anatafuta kitu mkobani. Niliwatazama mmoja mmoja, watu niliowaona kwa macho yangu wanainua glasi, na wote walikuwa na shughuli mezani. Nilinyoosha mkono. Ulikaa juu peke yake, na kwapa langu limelowa jasho.

"Basi," akasema Mzee Sifuri, "tumsamehe mwenzetu, alikuwa na kiu."

Wakacheka. Wote, na kwa nguvu, wamepata pa kupumulia. Mama Mdogo, nimeona mambo machafu hapa, lakini kicheko kile sijui nitakiosha kwa nini.

Nilimaliza kuwasilisha. Nilionyesha pengo, nikaonyesha picha, nikasema hapa sijui na sitajua tena. Hakuna aliyeniuliza swali. Baadaye Mapovu alinifuata hadi ngazini, akanishika mkono, machozi yanamlengalenga, akaniambia nimwelewe, yeye anawasilisha mwezi ujao. Nilimwambia nimemwelewa sana. Nikaenda kunawa ule mkono.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi. Nilipeleka nakala tatu ofisini, pengo likiwa wazi, na mahali pa saini ya msimamizi hapana kitu. Karani ni mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alipekua ukurasa wa kwanza, akanitazama juu ya miwani, akanionyesha kisanduku cha zisizo na saini.

"Binti yangu, nitaipokea. Ila nisikufiche, humu hakuna kilichowahi kutoka."

Ndiyo hali halisi. Mwambie Mama asikate tiketi. Mwambie taratibu, akiwa amekaa, na usimwambie kwamba naumwa au kwamba mahafali yameahirishwa. Mwambie nimenyimwa saini, na mwambie kwa nini. Akilia mwache alie, kisha mpe hii barua asome mwenyewe. Gauni alivae kwenye jambo lingine lolote, lisikae kabatini. Mimi nitakuwa nyumbani kabla ya mwaka kwisha, na nitahitaji pa kufikia mpaka hasira yake ipoe. Nadhani nimeshakwambia ni kwa nani.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie fimbo haina aibu. Mapacha wapigie busu, kila mmoja lake, wasije wakagombania. Kaka nitampigia mwenyewe. Bibi wa jirani yako naye asisahaulike, pamoja na shoga zako wa zamani wa maabara. Wale hadithi hii wasimulie yote, nataka wacheke mahali pangu.

Kuna neno moja sikulisema kwenye semina, wala kwa mtu yeyote. Kwenye jedwali la tasnifu nilikuwa nimeandika watu tisa, glasi tisa. Jana nikiwa nimesimama kwa karani, nakala zimeshaingia kisanduku, niliomba anirudishie kidogo. Nikaazima kalamu yake, nikakata tisa ile ya glasi kwenye nakala zote tatu, nikaandika kumi. Siku ile juisi ilikuwa tamu, Mama Mdogo. Nilipomaliza yangu, nilimpa Mapovu glasi nikamwomba aniongeze.

Mungu akupe afya na usingizi mzuri, akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Kitindamimba wa dada yako